Kwa wadogo zangu mnaoanza kutoboa paneli (nyuso za mbele) za sinthesaiza

Jumamosi iliyopita kijana mmoja kaja kwangu na paneli yake kaifunga kwenye gazeti. Aluminiamu ya milimita 2, imepigwa msasa hadi ikalainika, imepuliziwa rangi nyeusi isiyong'aa, maandishi yamekaa kwenye mstari. Niliifurahia kweli. Akatoa bodi, ile ya vifaa vya umeme inayokaa nyuma ya paneli, akaanza kuivalisha. Poti mbili za kwanza, vile vidude vya kuzungusha, zikapita. Ya tatu ikagusa ukingo wa tundu. Alipoanza kuisukuma kwa kidole gumba nikamshika mkono, maana nilishajua poti ya mwisho itakuwa imekosea kwa kiasi gani.

Ni wa nne mwaka huu. Nawapenda, wadogo zangu, na mnanichosha. Kwa hiyo leo naandika, niweze kumwonyesha wa tano kabla hajanunua rangi.

Naongelea Eurorack, sinthesaiza za vipande vipande (moduli) vinavyofungwa kwa skrubu kwenye reli za kesi moja, kwa vipimo ambavyo kampuni ya Doepfer ya Ujerumani iliviianzisha mwaka 1995 na ambavyo karibu nyote mmeanza navyo. Kwa milimita: urefu 128.5, HP moja (kizio cha upana) 5.08, matundu ya skrubu ya juu na ya chini yaachane 122.5. Hayo mnayo vichwani. Tatizo liko kwenye karatasi ya mchoro wa matundu mnayobandika juu ya paneli.

1. Pima karatasi uliyochapa.

Ukishachapiwa mchoro wako steshenari, kabla hujagusa gundi wala nyundo, laza rula ya chuma juu yake upime kutoka katikati ya tundu la skrubu la juu hadi katikati ya lile la chini. Kama haisomi 122.5, karatasi hiyo ni ya kufungia karanga.

Dada wa steshenari hana kosa. Anafungua faili, anabonyeza, na kompyuta inaufinya mchoro kidogo ili usivuke kingo za ukurasa. Inapunguza labda asilimia 3. Kwenye barua ya kuomba kazi hakuna atakayeona. Mwambie achague ukubwa halisi, asilimia 100, na bado upime mwenyewe kabla hujalipa.

Mimi nililipata somo hili kwa njia mbaya, na sijawahi kulisimulia lote. Rafiki yangu mpiga kinanda aliniomba sikwensa ya hatua 8, moduli inayopiga noti 8 kwa zamu, moja baada ya nyingine. Bodi nilikuwa nazo, safi, kutoka kiwandani. Paneli nikasema nitaitengeneza mwenyewe ili kuokoa fedha: poti 8, swichi 8, taa 8, jeki 4 (matundu ya kuchomeka waya) na skrubu 4 za reli, jumla matundu 32. Nilitoboa usiku mzima na sikuharibu hata moja. Nikapulizia rangi, nikaacha siku mbili ikauke, nikaweka maandishi, nikamalizia na vanishi. Yote hayo sijaivalisha bodi hata mara moja. Nilikuwa nataka niione imekamilika.

Jioni ya kuivalisha, poti ya kwanza ilikaa. Ya pili ikakaa kwa kukwaruza. Zilikuwa zimepangwa kila milimita 15, kwa hiyo kosa la asilimia 3 lilikua kadiri nilivyosogea kulia: kufika ya nane, milimita 105 kutoka ya kwanza, ilikuwa imekosa tundu lake kwa zaidi ya milimita 3. Skrubu nazo hazikufika kwenye reli. Na mimi, badala ya kuchukua rula, nikaanza kutafuta wa kumlaumu. Reli nikasema zimepinda. Poti nikasema muuzaji kanipa saizi nyingine.

Asubuhi nikaenda Kariakoo kwenye lile duka nikamsemea mzee wa watu mbele ya wateja. Nilimwambia anauza mali isiyo na vipimo. Hakubishana. Aliziangalia zile poti, akazilinganisha na zilizo dukani, akanipa nane nyingine bila kudai kitu.

Nikarudi, nikazilehemu, na bila shaka hazikuingia. Hapo nikachukua tupa ya mviringo. Nilisugua matundu yaliyokwisha kupakwa rangi hadi yakawa kama mayai, washa, vile viduara vya chini ya nati, hazikuweza tena kuyafunika. Paliposhindikana nikakunja miguu ya poti na kuivuta bodi kwa nguvu. Ilikaza, ikakaa, nikafunga nati. Niliisikia ikilia kidogo nilipokaza ile ya mwisho, na nikaendelea.

Onyesho lilikuwa wiki hiyohiyo. Wimbo wa pili, hatua ya sita ikaanza kuruka. Mara inatoa noti, mara inateleza kwenda juu kabisa. Rafiki yangu aliibonyeza paneli kwa kiganja cha kushoto wimbo mzima ili noti isitoroke, na kinanda akakipiga kwa mkono mmoja. Nilipoifungua nyumbani nikakuta vijiduara viwili vya shaba vimebanduka kwenye bodi, chini ya poti ya sita. Nguvu niliyotumia ilikuwa imebaki mle ndani ikivuta siku zote zile.

Karatasi niliipima miezi kadhaa baadaye, nilipotaka kutengeneza paneli ya pili kwa mchoro uleule. Niliweka rula, ikasoma 118 na kitu. Nikageuza rula nikidhani nimeishika vibaya. Kisha nikakaa chini. Kesho yake nilikwenda Kariakoo kulipa zile poti nane na kumwomba mzee radhi, mbele ya wateja wengine. Alizipokea hela, akaniuliza kama mashine inafanya kazi sasa.

Ndiyo maana nilimshika yule kijana mkono.

2. Malighafi isikutie hofu.

Vipande vya aluminiamu ya milimita 2 vinapatikana kwa wauza vyuma chakavu wa mtaa wa Gerezani, Dar. Nenda na kalipa, kipimo cha unene, usikadirie unene kwa macho. Alukobondi ya mafundi mabango, bati mbili za aluminiamu zenye plastiki katikati, ni nzuri sana na masalio yake mara nyingi unapewa bure, ila chukua ya milimita 3. Ile ya 4 inakula nyuzi zote za jeki na nati haipati pa kushika. Akriliki inapendeza, lakini ukiikazia nati kwa hasira inapasuka kesho yake. Plaiwudi nyembamba ukiipaka vanishi inafaa kabisa kwa moduli ya kwanza, msimsikilize anayewacheka.

Upana ukate pungufu kidogo ya hesabu: HP 8 kwa hesabu ni 40.64, kata 40.3. Msipofanya hivyo moduli ya mwisho haitaingia kwenye kesi.

3. Kutoboa.

Maskingi tepu juu, karatasi juu yake, senta panchi (msumari wa kutia alama) kwa kila tundu, halafu biti ya milimita 2 kwanza. Panua kwa biti ya ngazi, ile inayonenepa hatua kwa hatua, maana biti ya kawaida kubwa kwenye bati jembamba inatoa tundu la pembetatu. Tone la mafuta ya taa kwenye aluminiamu, ubao chini yake, na paneli ibanwe kwa jiriwa au klempu. Msiishike kwa mkono. Biti ikikwama, ile paneli inageuka panga.

Jeki za kawaida za 3.5 huhitaji tundu la 6, poti ndogo la 7, lakini pimeni zenu. Poti kubwa zina kijino pembeni mwa shingo: kikateni, au kitobolewe kitundu chake. Matundu ya skrubu yafanyeni marefu kidogo kwa upande, yatasamehe kosa dogo.

Bodi ikae chumba kingine wakati mnatoboa. Unyuzi mmoja wa aluminiamu ukiangukia kati ya miguu ya IC (chipu), mtatafuta hitilafu hiyo wiki nzima.

4. Graundi (njia ya kurudisha umeme) haiji yenyewe.

Kosa hili ni la waliozoea aluminiamu wakahamia akriliki au mbao. Kwenye chuma, jeki mlizounga kwa waya zinapata graundi kupitia paneli yenyewe, hata mkiisahau. Kwenye plastiki kila jeki inahitaji waya wake. Na kwenye chuma kilichopakwa rangi, kwaruza rangi upande wa nyuma pale jeki inapokaa, kisha pima kwa mita.

5. Maandishi.

Nilijaribu karatasi ya kubandika, nikajaribu kuhamisha wino wa printa ya leza kwa pasi ya nguo. Yote yanawezekana. Lakini kwa miaka kadhaa sasa naenda kwa fundi stika, yule anayepamba bajaji. Mara ya kwanza aliligeuza faili langu kwenye skrini mara mbili akaniuliza hiki ni cha gari gani. Nilipomweleza, alikaa kimya kidogo, akasema herufi zangu ni ndogo: "Kaka, hii utaisoma usiku?" Alikuwa sahihi. Kwenye jukwaa taa zimezimwa, herufi ya milimita 2 ni vumbi. Akanifundisha kupulizia maji ya sabuni kwenye chuma kabla ya kubandika, ili stika iteleze hadi ikae sawa na matundu, ndipo uyasukume maji nje kwa kadi ya simu iliyokwisha. Matundu kata kwa wembe mpya, siku inayofuata, ikishashika.

Jina la jeki liwe juu ya jeki, waya ukining'inia haulifuniki. Na kati ya vishikio viwili vya poti acheni nafasi ya vidole vya mtu mzima, angalau milimita 20 kutoka katikati hadi katikati. Sikwensa yangu ya milimita 15 ilikuwa na kosa hilo pia.

Paneli ya yule kijana hatukuitanua kwa tupa. Tuliipima, tukakata kipande cha kushoto kisicho na tundu, 40.3, kitafaa kwa moduli ndogo. Mimi nilikuwa na alukobondi ya 3. Tukateremka wote hadi steshenari, akasema mwenyewe asilimia 100, akaomba rula ya dada wa pale na kuilaza kwenye karatasi palepale kaunta, watu wakiwa kwenye foleni nyuma yetu. 122.5. Tulirudi, akaibandika, akachukua senta panchi.