Kifo hakisherehekewi

Swali: Mimi ni karani katika ofisi ya serikali hapa Tabora. Sikukuu ikikaribia, tangazo la ubaoni huwa naandika mimi. Mwaka jana niliandika: "Ofisi itafungwa tarehe 14 Oktoba. Watumishi wote watakuwa likizo kusherehekea Nyerere Day." Mwenzangu akasema "likizo" si mahali pake, niandike "mapumziko". Nani yuko sahihi?

Jibu: Mwenzako. Likizo imetokana na likiza, yaani kumwachia mtu aende zake, na ndilo neno hilohilo la kumwachisha mtoto ziwa. Likizo ina mwombaji na mtoaji: unajaza fomu, mkuu wako anaidhinisha, unafunga mizigo. Sikukuu haiombwi. Hata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inavitenga viwili hivi: likizo ya mwaka ni siku 28, na sikukuu ikiangukia ndani yake inahesabiwa humohumo, huongezewi siku.

Lakini mwenzako kashika dogo, kubwa kaliacha lipite. Ndugu karani, mnasherehekea nini tarehe 14 Oktoba?

Siku hiyo, mwaka 1999, Mwalimu Nyerere alifariki London. Tarehe 7 Aprili 1972 Mzee Abeid Amani Karume aliuawa kwa risasi pale Kisiwandui, Zanzibar. Katika sikukuu zetu zote za kitaifa, hizi mbili ni siku za vifo, na kila mwaka nasoma kwenye mbao za matangazo na kwenye simu: "tusherehekee Karume Day", "heri ya Nyerere Day". Heri ya nini? Baba wa nyumba afariki pale Isevya, mwaka utimie, halafu mtoto mkubwa awapigie simu wadogo zake: "Njooni Jumamosi tusherehekee kifo cha baba." Nani atafika? Watafika wazee kumuuliza ana nini. Watu wa Tabora husoma hitma, au huomba misa ya kumbukumbu. Wali utapikwa, watu watakula na hata kucheka wakikumbuka vituko vya marehemu, na bado hakuna atakayeiita sherehe. Adabu hiyo kila mtu anayo nyumbani kwake. Akiingia ofisini na kushika kalamu, anaiacha mlangoni.

Wapo wanaojitetea kwamba wanasherehekea maisha yake, si kifo chake. Basi Mwalimu alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922. Siku hiyo sherehekeeni, kateni na keki. Wengine watanitajia Mwenge wa Uhuru, kwamba kilele cha mbio zake huwekwa tarehe 14 Oktoba na ngoma hupigwa uwanja mzima. Sherehe hiyo ni ya Mwenge, na tangazo lako halikutaja Mwenge.

Linaniuma zaidi kwa kuwa limeandikwa Tabora. Mwalimu alisoma hapa, akafundisha hapa St. Mary's, na ni hapa Januari 1958 alipoishawishi TANU iingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, ule Uamuzi wa Busara. Mji wenye deni hilo kwake haukosi neno la kumkumbukia.

Na maneno yapo. Kuadhimisha limetoka kwa adhimu, yaani tukufu, nalo linabeba furaha na msiba sawasawa. Kumbukumbu lipo. Kumbukizi lipo pia, na magazeti yamelizoea. Kusherehekea kaliwekeni kwa Uhuru tarehe 9 Desemba, Muungano tarehe 26 Aprili na Idd mwezi ukiandama. Hapo hata mkikesha sina neno. Hiyo "Day" nimeshachoka kuipigania. Semeni mitaani mpendavyo, ila kwenye karatasi yenye mhuri wa serikali isionekane.

Tangazo lako la mwaka huu liandike hivi: "Ofisi itafungwa tarehe 14 Oktoba, siku ya mapumziko ya kitaifa, kuadhimisha kumbukumbu ya kifo cha Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere."