Mwanangu, Uende Mezani

Mwanangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako nimeupata. Unasema wenye kiwanda cha vigae huko Foshan, China, wamekualika chakula cha jioni kabla hamjakubaliana bei, na unauliza mawili: uende au uwakwepe, na ukienda utakula nini wewe usiyegusa nguruwe wala pombe.

Nenda. Biashara ya huko haiishii kwenye kalkuleta. Mwenye kiwanda anataka kumjua mtu atakayemfungia kontena, amwone anavyozungumza na anavyowatendea vijana wake wa kazi. Wapo wenzetu Kariakoo wanaouita ukarimu huo mtego, nami sikubaliani nao. Ukarimu wao ni wa kweli na papo hapo ni wa kibiashara, kama sisi tunavyomwagizia mteja wa mikoani soda kabla hatujamshushia mali rafuni. Hapo hakuna aliyedanganywa. Ila bei usiikubali mezani. Ikitajwa, sema mtaizungumza kesho ofisini.

La chakula liseme leo hii, kupitia kwa mkalimani: wewe ni Mwislamu, nguruwe huli, pombe hunywi. Usingoje mpaka meza ya duara ianze kuzungushwa. China ina Waislamu wake kwa mamilioni, kwa hiyo jambo hili si geni kwao, na huenda mwenyeji akaamua kukupeleka mgahawa wa Kiislamu kabisa. Asipojua, atakuagizia kile anachokiona bora, na mara nyingi ni nguruwe. Ukikiacha, umemfedhehesha mbele ya watu wake bila kukusudia. Hata mboga ulizia, maana yapo majiko mengi yanayokaangia mafuta ya nguruwe.

Ukifika, ngoja uonyeshwe kiti. Kwa desturi mwenyeji hukaa akiutazama mlango, na mgeni wa heshima huwekwa ubavuni pake. Kula kidogo kidogo, kwa kuwa sahani hazikomi kuja, na wali, kama upo, huletwa mwishoni. Ukimiminiwa chai, gonga meza taratibu kwa ncha za vidole viwili. Watu wa Guangdong, jimbo lenye Foshan, hushukuru hivyo. Wakiinuka na baijiu, pombe yao kali ya mtama ambayo nyingi hupita asilimia 50, inuka nao ukiwa na kikombe chako cha chai. Kishike kwa mikono miwili, na unapogonganisha na mzee, chako kiwe chini ya chake. Ukiwa umeshawaambia mapema, chai inatosha.

Sasa hiyo hamu ya chakula cha nyumbani uliyoitaja. Ugali utaupata Guangzhou, jiji jirani na Foshan, mitaa ya Xiaobei, kwenye migahawa ya Waafrika. Lakini usiukimbilie kila jioni, mwanangu. Mimi nimeshibia zaidi kwa Waislamu wa huko huko China. Tafuta kibao chenye maandishi 清真, yaani halali, mara nyingi huwa cha kijani. Kwa Wahui, Waislamu wanaozungumza Kichina, utakuta tambi zinazovutwa kwa mikono mbele ya macho yako, ndani ya supu ya ng'ombe. Kwa Wauighuri, Waislamu wa Xinjiang, magharibi mwa China, kuna mishkaki ya kondoo yenye bizari nyembamba na pilipili, mikate ya tanuri, na wali uliopikwa pamoja na karoti na nyama ya kondoo. Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa huo ni ndugu wa nini. Mchicha nao upo, hukaangwa kwa kitunguu saumu.

Ijumaa ukiwa Guangzhou, nenda kaswali kwenye msikiti ulio karibu na bustani ya Yuexiu, ambako inasimuliwa amezikwa sahaba Saad bin Abi Waqqas. Utawakuta wafanyabiashara wa kila nchi, na mmoja wao atakuelekeza mahali pazuri pa kula kuliko mimi.

Mzigo ukishapakiwa, nawe waalike. Wapeleke kwa hao Wauighuri. Wenyeji wengi wanaipenda sana mishkaki ile. Wape karafuu au kahawa yetu, kwa mikono miwili, na usishangae wasipoifungua hapo hapo. Saa ya ukutani usimpe mtu zawadi, kwao ni mkosi. Na kabla chakula hakijaisha, jisingizie unakwenda kunawa, upite kaunta ulipe, maana ukingoja bili iletwe mezani hawatakuachia.

Mama yako