Maswali ya Wasomaji: Kumbukumbu ya Askari wa Keya na Ujirani wa Mpakani

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni watoto na wajukuu wa askari waliotumikia King's African Rifles, jeshi la Waingereza ambalo wazee wetu walilijua kwa jina la Keya. Baadhi yetu tunaishi Tanga mjini, na wengine ni ndugu zetu wa Vanga, upande wa Kenya. Tunakusudia kuanzisha chama cha hisani cha kuhifadhi kumbukumbu ya askari hao kwa njia ya urafiki wa jamii zetu mbili, na tungependa tuanze kwa kujenga mnara. Vijana wetu wanapinga, wakisema kwamba lile lilikuwa jeshi la mkoloni. Mnatushauri nini?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, kusudio lenu ni jema na tunaliunga mkono kwa moyo wote, ila tunawasihi mnara usiwe kazi ya kwanza. Anzeni na majina. Mwaka 2021, ripoti iliyotolewa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wakiwa Waafrika wa mashariki na Wamisri waliofariki kutokana na Vita ya Kwanza ya Dunia, hawakukumbukwa kwa majina yao, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Wengi walikuwa wapagazi. Mnara mwingine usio na majina utaongeza jiwe juu ya dhuluma ileile.

Kwa hiyo fungueni daftari la nakala mbili, moja ikae Tanga na nyingine Vanga. Andikeni jina la askari au mpagazi kama familia yake inavyolitamka, kisha jina lililoandikwa na jeshi iwapo linatofautiana, namba yake, batalioni yake, na mahali alikopelekwa. Mtakapoonyeshwa cheti cha kuachishwa jeshi, nishani au picha, kipigeni picha papo hapo na kukirudisha mikononi mwa mwenyewe, kwa sababu vitu vya namna hiyo vinapoazimwa mara nyingi havirudi, na familia iliyopoteza cheti cha babu yao haitawafungulia mlango tena.

Vijana wenu wasikilizwe, kwani wana hoja nzito. Batalioni ya 6, iliyokuwa ya Tanganyika, ilipigana Colito nchini Ethiopia tarehe 19 Mei 1941, na mwaka uliofuata ikapelekwa Madagascar. Kambi yake ya Dar es Salaam ikapewa jina la Colito. Ni katika kambi hiyo ndipo maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 yalipoanzia, na baadaye ikaitwa Lugalo, kwa jina la mahali ambapo Wahehe waliwashinda Wajerumani mwaka 1891. Taifa lilikuwa na haki ya kuchagua Lugalo. Hata hivyo, aliyefia Colito alikuwa mtoto wa mtu, na kuuliza alizikwa wapi hakumaanishi kulisifu jeshi lililompeleka huko. Wapeni vijana hao kazi ya kuhoji wazee, na pingamizi lao liandikwe humo humo daftarini.

Kuhusu urafiki wa mpakani, mnao uwanja wa kuanzia ambao watu wengi wangeutamani: Jasini, karibu na mpaka upande wa Tanzania. Tarehe 18 na 19 Januari 1915, ngome ya hapo iliyoshikwa na askari wa upande wa Waingereza kutoka India, wakiwemo wa Kashmir, ilizingirwa na jeshi la Wajerumani hadi ikasalimu amri, huku askari wa Keya wakijaribu bila mafanikio kuifikia kutoka upande wa kaskazini. Waliokuwa wakiwazuia walikuwa askari Waafrika wa Mjerumani. Baadaye batalioni ya 6 ilipoundwa, iliandikisha wengi waliokuwa wamemtumikia Mjerumani, hivyo mtu mmoja aliweza kuvaa sare za pande zote mbili. Chama chenu kikizikataa familia za waliokuwa upande wa pili, kitakuwa kimewakataa baadhi ya watu wa Keya wenyewe. Wadigo, Wasegeju na Wavumba wanaozikana na kuozana pande zote mbili za mpaka wanalielewa hili bila kuelezwa, na kisomo cha pamoja cha Januari, mwaka huu Jasini na mwaka ujao Vanga, kitafanya kazi kubwa kuliko hotuba za wageni rasmi.

Upande wa sheria, ni afadhali kila upande usajiliwe katika nchi yake, kisha mtiliane saini makubaliano ya ushirikiano, ili fedha na dhamana zisichanganyike.

SWALI: Je, tunaruhusiwa kusafisha na kupaka rangi makaburi ya vita ya 1914 yaliyopo hapa mjini?
Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Msipake rangi wala saruji. Makaburi ya askari wa Uingereza na India waliouawa katika mapigano ya Tanga ya tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914 yako chini ya uangalizi wa Tume tuliyoitaja hapo juu, iliyoundwa mwaka 1917, na ndiyo yenye mamlaka ya kugusa mawe na maandishi yake. Mkiona jiwe limepasuka au herufi zimefutika, pigeni picha na kuwaandikia. Kung'oa magugu nako ombeni ruhusa kwanza.