Kiziwi kwenye kaunta na mwenye kitimwendo: waulize wenyewe kwanza

Ndugu, umesema waombaji wawili wa kazi dukani kwako wamekuvutia, mmoja kiziwi anataka ukeshia, mwingine anatumia kitimwendo, na unaogopa wateja watalalamika. Mi naona unawaza mbali sana. Waulize wenyewe wanahitaji nini ili kazi iende, mara nyingi jibu ni dogo kuliko hofu yako.

Kwa kiziwi, geuza skrini mteja aone jumla, weka kibao "Mimi ni kiziwi, nitazame ukiongea au andika hapa", na kalamu na karatasi pembeni basi. Kwenye usaili mtafutie mkalimani wa lugha ya alama ila ongea na mwombaji mwenyewe, sio mkalimani (watu wanakosea sana hapa, utasikia "muulize ana uzoefu gani" na mtu kakaa hapo hapo anakutazama!).

Wa kitimwendo ndo utatoa jasho kidogo. Mlango upitike, upana wa sentimita 80 hivi, ukipungua hapo inakuwa taabu, rampu isiwe kali, kila sentimita 1 ya kupanda ipe 12 za urefu, halafu sehemu ya kaunta ishushwe na chini iwe wazi magoti yaingie. Na makatoni yatoke njiani jamani, huo ndo ugonjwa wa maduka.

Mshahara usipunguze kisa ulemavu, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa 2006 kifungu cha 27 unataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Na usimfiche mtu stoo ukidhani unamsaidia, kama kaomba kaunta mpe kaunta.