Ukipangiwa habari za India na China

Wadogo zangu mnaoanza dawati la kimataifa, nianze na aibu yangu. Juni 2020, zilipoingia taarifa za wanajeshi 20 wa India kufa wakipambana na Wachina katika bonde la Galwan, kwenye milima ya Himalaya, niliandika "wauawa kwa risasi". Majeshi mawili, nchi zote zina nyuklia, watu wamekufa: nikaona risasi haina haja ya kuulizwa. Habari ikasomwa saa mbili usiku. Kumbe walipigana kwa mawe na marungu yenye misumari, gizani, juu milimani, wengine wakatumbukia mtoni. Makubaliano ya 1996 yanakataza kufyatua risasi ndani ya kilomita 2 kutoka mstari unaowatenganisha. Mhariri hakunifokea. Aliniwekea nakala ya makubaliano hayo mezani, akasema nisome kabla ya chai. Heri angefoka.

Na huo ni mstari, si mpaka. India inauhesabu kuwa na urefu wa kilomita 3,488. China inasema kama 2,000 hivi. Wasiokubaliana hata urefu, utajuaje nani kavuka? Andika "India yadai" au "China yadai", halafu taja upande wa pili unasemaje.

Oktoba 2024 walipoafikiana kuhusu doria za Depsang na Demchok, maeneo mawili ya mstari huo, vichwa vya habari vikashangilia kwamba majeshi yameondoka. Hayakuondoka. Waliokuwa wakitazamana uso kwa uso walirudi nyuma, lakini maelfu walibaki na mizinga yao. Kurudi nyuma na kwenda nyumbani ni vitu viwili, na Kiswahili kina maneno ya kutosha kuvitenganisha.

Picha za kushikana mikono zisiwapumbaze. Mwaka 1954 walitia saini kanuni tano za kuishi kwa amani, 1962 wakapigana. Mimi hutazama vitu vidogo: mahujaji wa Kihindi kuruhusiwa tena kwenda mlima Kailash, ulio Tibet upande wa China, 2025, ndege ya moja kwa moja kutoka Kolkata kwenda Guangzhou kurudi Oktoba mwaka huohuo, baada ya miaka mitano. TikTok, iliyofungiwa India wiki mbili baada ya Galwan, haikurudi na ndege hiyo.

Waziri Mkuu wa India, Modi, alipokwenda Tianjin, China, Agosti 2025, siku chache baada ya Trump kupandisha ushuru wa bidhaa za India hadi asilimia 50, kijana mmoja hapa aliandika "India yakimbilia China". Nilimuuliza swali moja: biashara yao ikoje? Mwaka wa fedha 2024/25 India ilinunua zaidi kwa China kuliko ilivyouza, pengo likafika karibu dola bilioni 99: hilo ni la kulalamikia, si la kukimbilia. Akakaa kimya, akafuta "yakimbilia", akaandika "yazungumza na".

Tukairusha hivyo.