Chupa ya bluu na nywele za pembeni

SWALI: Dada habari za kazi. Mi nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, nina miaka 34. Nywele za mbele na za karibu na masikio zimeisha kabisa, nasuka rasta tangu nimalize shule. Kuna dada ananiuzia seramu ya bluu anasema ina shaba, inaotesha nywele, inatoa makunyanzi na hata kovu langu la moto la mkononi. Juzi kaniambia nikitaka haraka ipo ya sindano, unga unachanganya mwenyewe, elfu themanini. Nichukue? (Mama Dagaa, Mwanza)

JIBU: Mama Dagaa, hiyo elfu themanini ifunge kwanza kwenye pindo la khanga tuongee.

Shaba yenyewe siyo uongo. Kwenye chupa huwa wanaandika GHK-Cu, ni kipande kidogo sana cha protini, amino asidi tatu tu, glisini, histidini na lisini, zimeshikana na shaba na ndo maana ni bluu, ukiuziwa nyeupe kama maji ujue shaba humo ni ya kunusa. Aliigundua Mmarekani anaitwa Loren Pickart mwaka 1973 kwenye damu ya watu, yaani hata wewe hapo kwenye dagaa unayo, ila inapungua na umri, inatajwa miaka 20 mtu ana kama nanogramu 200 kwa mililita ya plazma, yale maji ya damu, akifika 60 zimebaki 80 hivi. Kwenye maabara inachochea seli za ngozi zitengeneze kolajeni, ile protini inayoishikilia ngozi, na usoni ukipaka miezi mitatu mistari inaweza kulainika kidogo. Kidogo, nimesema. Kovu la moto la miaka, lile gumu, usilitegemee.

Sasa nywele. Zako hazijaondoka kwa kukosa shaba mama, zimevutwa! Rasta ikibana mpaka huwezi kulalia upande na vipele vinatoka kwenye mstari wa nywele, hiyo siyo kupendeza tena. Chukua kioo utoke nje kwenye jua, angalia pale palipoisha, ukiona vitundu na vinyweleo laini laini basi mizizi bado ipo, ila ngozi ikiwa inang'aa imeteleza kama kiganja, mzizi umeshageuka kovu na hakuna seramu ya kuufufua, ya bluu wala ya kijani. Fumua, pumzika miezi kadhaa, ukirudi kwa msusi mwambie za mbele aziache nje kabisa, akinuna anune. Daktari wa ngozi anaweza kukuanzishia minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, kwa nywele hiyo ndo ina ushahidi mwingi kuliko shaba.

Sindano hapana. Huyo dada muulize namba ya usajili wa TMDA, ile mamlaka ya dawa na vifaa tiba, uone atakavyobabaika. Unga usiojua umepakiwa wapi, maji ya kuchanganyia sijui ya wapi, unajichoma nyumbani, ukipata jipu utamdai nani?

Ya kupaka kama umeipenda kwa uso nunua tu, jaribu kwanza ndani ya kiwiko siku mbili, usipake muda mmoja na seramu ya vitamini C maana zinaharibiana, na usiiache kwenye kibanda chini ya bati, joto la pale nalijua.

Ukishaangalia na kioo niandikie umeona nini, vitundu au mng'ao.