Moyo nao unakula: maswali yenu kuhusu ultrasaundi ndani ya thieta

Mbukwenyi wote. Safari iliyopita niliandika kuhusu watoto wanaozaliwa na mishipa mikubwa ya moyo imepishana, nikagusia kwamba kabla hawajamfunga mtoto kifua kuna mtu anashika probu ya ultrasaundi anaangalia kama damu inafika kwenye nyama ya moyo wenyewe. Maswali yamekuja mengi kuliko nilivyotegemea. Mimi kazi yangu ni eko, yaani kupima moyo kwa ultrasaundi, niko hapa hapa Dodoma, kupasua ni kazi ya wenzangu, kwahiyo najibu kwa upande wa yule anayetazama skrini.

Mtoto wa dada yangu tuliambiwa mishipa imepishana na atafanyiwa upasuaji. Sijaelewa kitu kimoja, moyo si umejaa damu muda wote? Kwanini mhangaike kuangalia kama damu inaufikia? (Mama, Nkuhungu)

Dada yangu pole sana na hongera kwa kuuliza, maana hapa ndipo penyewe. Moyo hauli ile damu inayopita ndani yake, ni kama mpishi wa shughuli, anapakulia watu mia tatu lakini yeye lazima atengewe sahani yake. Sahani ya moyo inaletwa na mishipa miwili midogo inaitwa koronari, wa kulia na wa kushoto, inachomoka pale pale mwanzoni mwa aota, yaani ule mshipa mkubwa unaopeleka damu mwilini. Kwa mtu mzima aliyetulia inapita kama mililita 250 kwa dakika, karibu asilimia 5 ya damu yote ambayo moyo unasukuma.

Sasa mtoto wenu aota yake imeota upande wa kulia na mshipa wa mapafu umeota kushoto, kinyume na inavyotakiwa, matokeo yake damu isiyo na oksijeni inarudi tena mwilini bila kupita kwenye mapafu. Daktari anaikata yote miwili anaibadilishia nafasi, ila akiibadilisha tu akaacha hapo, koronari zitabaki kwenye mshipa unaoenda mapafuni. Kwahiyo anazikata na kipande kidogo cha ukuta kama kifungo cha shati, anazishona upya kwenye aota mpya. Aliyefanikiwa kwanza ni Adib Jatene kule São Paulo, Brazil, mwaka 1975, na watu walikuwa wamehangaika miaka mingi kabla ya hapo, kikwazo kikubwa kikiwa ni hiki hiki cha kuhamisha koronari. Kwa mtoto mchanga mshipa huo una upana wa milimita 1 hadi 2 hivi.

Wenye mashamba ya zabibu Mvumi na Hombolo mtanielewa haraka. Ukihamisha mpira wa matone ukaukunja kidogo tu pembeni, au ukauvuta ukakaza, tenki limejaa, pampu inaunguruma, lakini mistari ya mbele huko inakauka na wewe hujui mpaka majani yaanze kunyauka. Koronari iliyohamishwa ni hivyo hivyo, inaweza kujikunja, kuvutika, kujisokota au kubanwa na mshipa mwingine. Na moyo haukupi siku tatu za kunyauka, ni dakika. Ndio maana tunaangalia kifua kikiwa bado wazi.

Mimi nasoma uuguzi UDOM. Kifua kiko wazi na kila kitu ni steraili, hiyo probu inapita wapi?

Mdogo wangu, njia ni mbili. Ya kwanza probu nyembamba inapitishwa mdomoni mpaka kwenye umio, inakaa nyuma ya moyo kabisa, mafundi wa kupasua wanaendelea na kazi yao bila kuguswa. Zipo ndogo za watoto wachanga lakini hata hizo mtoto akiwa na kilo mbili na kitu unakuwa makini mno, inaweza kubana njia ya hewa au kuumiza umio. Ya pili probu inavalishwa mfuko steraili wenye jeli ndani, daktari mpasuaji mwenyewe anaiweka moja kwa moja juu ya moyo unaodunda, wanamwagia maji ya chumvi steraili ili sauti ipite vizuri, na mimi au daktari wa moyo tuko kwenye mashine tunamwambia sogeza kushoto, lala kidogo, hapo hapo usitikisike.

Hii ya pili mimi naipenda kwa koronari, nasema wazi. Hakuna mbavu, hakuna mapafu katikati, unaweza kutumia probu ya sauti yenye mitetemo mingi zaidi, ambayo haifiki mbali lakini inaonesha vitu vidogo kwa usafi, na ule ukuta wa mbele ambao probu ya umio haiuoni vizuri unauona. Ubaya wake ukikandamiza kidogo unashusha presha ya mtoto, kwahiyo ni kuangalia sekunde chache, unatoa, anapumzika, unarudia. Na jifunze mapema kushusha skeli ya rangi, yaani kiwango cha spidi ya damu ambacho mashine inakionesha kwa rangi, damu ya koronari inakwenda taratibu ukilinganisha na ya aota, ukiacha skeli ya juu utaona mshipa mtupu utaogopesha thieta nzima bure.

Nimeona kwenye skrini rangi nyekundu na bluu. Bluu ndio damu chafu? (Mzee, Mpwapwa)

Shikamoo mzee wangu. Hapana, na wengi wanadanganyika hapo. Nyekundu maana yake damu inakuja upande ilipo probu, bluu inaikimbia, basi, hata damu safi kabisa ikienda upande wa pili itatokea bluu. Ni ile kanuni aliyoieleza Christian Doppler mwaka 1842, unaisikia kila siku barabara ya Dar gari la wagonjwa likija king'ora kinakuwa chembamba, likishakupita sauti inashuka. Mashine inasikiliza mwangwi wa chembe za damu kwa mtindo huo.

Mimi fundi wa vifaa tiba, nipo Kisasa. Kwanini mashine isitoe namba moja tu, mililita kadhaa kwa dakika, ikipungua mnajua kuna shida?

Kaka, hili swali ningelijibu ukurasa mzima. Dopla haipimi kiasi cha damu, inapima spidi. Ili upate kiasi lazima uzidishe na upana wa tundu la mshipa, na upana huo unapigwa kwa mraba. Mshipa ni milimita 1.5, ukiweka alama vibaya ukasoma 1.8, kosa la unywele tu, hesabu yako ya damu imepanda kwa asilimia 44. Halafu pembe. Sauti ikikutana na mshipa kwa nyuzi 60 mashine inasoma nusu ya spidi ya kweli, ikikutana nao kwa nyuzi 90 haisomi kitu, na moyo unacheza, mshipa umepinda, mkono wa mtu unatikisika.

Kuna kifaa kingine kinazungushwa kwenye mshipa wenyewe, kinatuma sauti kufuata damu na kingine kinyume na damu, tofauti ya muda inatoa mililita kwa dakika moja kwa moja. Kwa watu wazima wanaowekewa mishipa mipya ya koronari kinatumika sana na ni kizuri. Ila namba za mtu mzima wa miaka 60 usizilete kwa mtoto wa siku 10, na mshipa wa milimita moja uliozama kwenye nyama kuuzungushia kitu ni kutafuta kuuumiza.

Kwahiyo tunachotafuta ni picha nzima. Damu inaingia muda gani? Koronari ya kushoto inajaa zaidi moyo ukiwa umelegea, maana ukikaza unajibana mwenyewe, kwahiyo ukiona mdundo huo unajua mambo ni mazuri. Inaelekea upande sahihi? Spidi imeruka ghafla pale mwanzoni mwa mshipa penye mshono, dalili ya kubanwa? Na kubwa kuliko zote ukuta wa moyo unaolishwa na mshipa huo unakaza au umelala? Nikiona rangi nzuri kwenye mshipa lakini ukuta umelala siwezi kuwaambia wenzangu fungeni. Ukuta hausemi uongo kirahisi, rangi inaweza.

Wakiona damu haipiti wanafanya nini? Mtoto si ameshapasuliwa? (hakutaja mahali)

Kwanza wanafikiria hewa, na hiyo haiwaogopeshi. Mtoto amelala chali, koronari ya kulia inatoka kwa mbele, yaani juu, na povu la hewa lililobaki ndani ya moyo linapanda huko huko. Utaona ukuta wa kulia umelegea ghafla, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) imebadilika, na kwenye eko vile vidoti vyeupe vinametameta. Hapo wanapandisha presha kidogo, wanasubiri dakika chache, hewa inasukumwa mbele moyo unarudi wenyewe.

Lakini kama ni kujikunja au kuvutika, kusubiri hakusaidii. Mtoto anarudishwa kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji, wanafungua mshono wanaipanga upya ile koronari. Ni uamuzi mgumu, saa zimeshakwenda watu wamechoka, hapo picha ya eko inasaidia kwasababu badala ya kubishana kila mtu anaona. Nawaambia wazazi, ukisikia mtoto alirudishwa kwenye mashine mara ya pili usidhani walikosea, mara nyingi maana yake kuna mtu alitazama akasema ukweli mapema.

Hiyo ultrasaundi ina mionzi? (Msomaji, Bahi)

Haina, ni sauti tu.

Wa kwangu ana miezi miwili, akinyonya anatoka jasho kichwani, anahema, analia katikati ya kunyonya kama ameumia. Zahanati walisema ni gesi. (Mama, Kondoa)

Mama, kwako naomba unisome taratibu. Inaweza kuwa gesi kweli, watoto wengi hulia. Ila jasho na kuhema wakati wa kunyonya, na uzito haupandi, ni sababu ya kupimwa moyo wiki hii. Kuna hali adimu koronari ya kushoto inaota kwenye mshipa wa mapafu badala ya aota, wiki za mwanzo hakuna shida, halafu presha ya mapafu ikishashuka damu inageuka inarudi nyuma inaukimbia moyo, na mtoto analia hivyo hivyo anaponyonya. Kwa eko ya rangi tunaona damu inakwenda upande usio wake. Sisemi ndiyo aliyonayo, nasema kipimo hakiumi na jibu unapata siku hiyo hiyo.

Na kwa wote mlio na vichanga, ombeni kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni, wapime oksijeni mkono wa kulia na mguu mmoja mtoto akishafikisha saa 24. Chini ya asilimia 90 anahitaji daktari saa hiyo hiyo, 95 na kuendelea bila tofauti ya zaidi ya 3 kati ya mkono na mguu ni nzuri, katikati wanarudia. Wale wa mishipa iliyopishana upasuaji unatakiwa ndani ya wiki chache za mwanzo, maana upande wa kushoto wa moyo, unaosukuma damu mapafuni tu, unazoea kazi nyepesi, ukichelewa hautaweza tena kubeba mwili. Nimeshapima mtoto aliyeletwa kachelewa, alikuwa anatibiwa nimonia kwingine mara mbili, na bado naukumbuka uso wa baba yake.

Kutoka Kondoa anza na hospitali kubwa hapa Dodoma, ikibidi utaandikiwa rufaa JKCI, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, siku hizi kwa treni ya SGR unafika Dar siku hiyo hiyo. Njoo na kadi ya kliniki yenye uzito wote, na mrekodi kwa simu akiwa ananyonya, hata dakika mbili. Midomo au ulimi ukiona umekuwa bluu usisubiri Jumatatu.